Harufu ya Kiazi Kwenye Kikombe

Waonjaji wa kahawa hupanga vikombe vitano kwa kila shehena, na kila kikombe husagiwa punje zake peke yake. Kahawa ni ileile, imetoka gunia moja, imekaangwa siku moja. Muonjaji anainama, anavunja kwa mgongo wa kijiko utando wa unga uliotanda juu, ananusa. Kikombe cha kwanza kinanukia machungwa na sukari guru. Cha pili vilevile. Kwenye cha tatu anarudisha kichwa nyuma kama aliyefungua chungu cha chakula kilicholala: maganda ya kiazi mviringo kibichi. Cha nne na cha tano havina neno.

Wanaoshughulika na kahawa ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanaijua hali hiyo kwa jina moja tu, ladha ya kiazi. Haimuumizi mnywaji. Humuumiza muuzaji, kwa sababu kahawa ya nyanda zile huuzwa kwa sifa ya utamu wake, na mnunuzi aliyekutana na kiazi kwenye kikombe kimoja huwa na wasiwasi na gunia zima. Punje moja mbovu inatosha kukiharibu kikombe, na mara nyingi haina dalili ambayo jicho linaweza kuiona.

Mhalifu anajulikana kwa jina. Ni kemikali ya jamii ya pirazini, isopropili-metoksi-pirazini kwa jina lake refu, ileile inayovipa viazi vibichi na njegere harufu yao ya udongo. Ndugu yake wa karibu ndiye anayeinukisha pilipili hoho. Pua ya binadamu huinasa ikiwa nanogramu chache tu ndani ya lita ya maji. Kwa hesabu ya haraka, gramu moja ikimwagwa katika mabwawa mia mbili ya kuogelea ya kiwango cha Olimpiki na kukorogwa vizuri, mtu mwenye pua nzuri anaweza kuhisi kwamba maji yale yana kitu.

Sasa chukua kahawa hiyohiyo, ipitishe kwenye mashine ya mamilioni ya shilingi inayochambua harufu, na umwulize mkemia aliyekaa mbele ya skrini. Huenda akakuonyesha mstari wenye vilele zaidi ya mia, kila kilele kikiwa kemikali moja, na mahali ambapo pirazini ilipaswa kuonekana pakawa patupu kabisa. Mashine haijaharibika, wala mkemia hajakosea. Mashine imejibu kila ilichoweza kujibu, ila swali lenyewe halikuwa la kuulizwa kitambuzi kimoja.

Kisa hiki kinaanzia mbali kidogo. Mwaka 1903 Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Kirusi aliyefanya kazi Warsaw, alieleza mbele ya wenzake jinsi ya kutenganisha rangi za majani. Njia yake ilikuwa kuujaza mrija wa kioo unga kama wa chokaa, kisha kumimina juu yake majimaji ya majani na kuyasukuma kwa kiyeyusho chepesi kitokanacho na petroli. Rangi zilishuka kila moja kwa mwendo wake: manjano ya karotini ikatangulia, nyuma yake ikafuata mikanda ya kijani na manjano nyingine. Mwaka 1906 aliipa njia hiyo jina la kromatografia, maandishi ya rangi, kutoka Kigiriki. Jina lake mwenyewe kwa Kirusi lina maana ya rangi, na hadi leo wapo wanaodhani alikuwa anajitania. Alifariki mwaka 1919 kabla dunia haijamwelewa. Waliokuja kuvuna sifa ni Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa aina mpya ya kromatografia. Mwaka huohuo Martin na mwenzake Anthony James walichapisha njia ya kufanya kazi hiyo kwa gesi badala ya kimiminika.

Kanuni yenyewe haina ugumu kwa mtu aliyewahi kukatiza Kariakoo na ndugu zake. Wote mnaingia kwa mtaa mmoja, saa moja. Asiye na haja na bidhaa anatokea upande wa pili baada ya dakika tano. Mpenda viatu anasimama kila duka la viatu. Shangazi wa vitenge mtamsubiri hadi jioni. Ndani ya kromatografu ya gesi mtaa huo ni mrija mwembamba, mara nyingi wa mita 30 na kipenyo cha ndani cha robo ya milimita, uliozungushwa kama koili ndani ya tanuri na kupakwa utando laini kwa ndani. Molekuli inayoupenda utando hukawia, isiyoupenda hupita. Mwisho wa mrija kila kemikali hutoka kwa saa yake.

Lakini nani amekaa mlangoni kuhesabu wanaotoka? Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo magazeti ya sayansi huwa yanaruka.

Aliyezoeleka zaidi ni kitambuzi cha mwali. Gesi inayotoka kwenye mrija inaingizwa katika mwali mdogo wa hidrojeni. Chochote chenye kaboni na hidrojeni kinaungua, kinazaa chembe zenye chaji, na chembe hizo zinazaa mkondo mdogo wa umeme unaopimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kifaa hicho kilibuniwa mara mbili bila upande mmoja kujua habari za mwingine: Australia, na Pretoria, Afrika Kusini. Ni mtumishi mwaminifu anayejua kuhesabu. Ukimpa kaboni maradufu, anakupa kilele maradufu. Ila hajui majina. Kwake, harufu ya waridi na harufu ya mafuta ya taa ni vitu vinavyoungua tu. Maji hayaoni kabisa, wala hewa ya ukaa.

Kitambuzi cha kunasa elektroni kina tabia nyingine. Mwingereza James Lovelock alikitengeneza mwaka 1957, akitumia kipande kidogo cha madini yenye mnururisho kinachomwaga elektroni ndani ya chemba. Kemikali zenye klorini, florini au bromini huzidaka elektroni hizo kwa uroho, mkondo unashuka, na kushuka huko ndiko kipimo. Kwa vitu vya aina hiyo ni kikali ajabu, na kwa vingine karibu hakina habari. Kwa kifaa hicho mabaki ya dawa za wadudu kama DDT yalianza kuonekana mahali ambapo hakuna aliyeyategemea. Mwaka 1971 Lovelock alipanda nacho meli ya utafiti ya Shackleton kuelekea kusini mwa dunia, akakuta gesi za majokofu zimeenea hewani hata katikati ya Atlantiki. Mjadala wa tabaka la ozoni uliofuata ulianza na kifaa kidogo kisichojali chochote ila aina chache za atomu.

Kipimamasi hupasua molekuli na kupima uzito wa vipande. Pirazini yetu, kwa mfano, ina uzito wa 152 na huacha kipande kikubwa cha 137, alama ambayo ni kama chale usoni. Upande wa kromatografia ya kimiminika kuna kitambuzi cha mwanga wa urujuanimno, kinachotazama kemikali inayofyonza mwanga na kuipita ile isiyofyonza, sukari ikiwemo. Kipo pia kinachokausha matone ya majimaji kuwa ukungu wa vumbi kisha kupima mwanga unaotawanywa na vumbi hilo. Hicho huona karibu kila kisichopaa hewani, chenye rangi au kisicho nayo, ila hakitofautishi.

Halafu ipo pua. Si lugha ya picha. Tangu miaka ya 1960 wakemia wa manukato na vyakula hugawa gesi inayotoka kwenye mrija mara mbili: nusu inaenda kwenye kitambuzi, nusu inapelekwa kwenye faneli ya kioo ambako mtu ameinamisha uso, akivuta hewa iliyotiwa unyevu isimkaushe. Kila anaponusa kitu anabonyeza kitufe na kutaja: maua, mkate uliobanikwa, udongo, kiazi. Ni kazi ya kuchosha, na pua mbili hazikubaliani kila mara, ndiyo maana huwekwa watu kadhaa kwa zamu. Kahawa iliyokaangwa ina kemikali zaidi ya 800 zinazopaa hewani. Katika miaka ya 1990 wakemia wa Ujerumani, Werner Grosch akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba chini ya 30 kati ya hizo zinatosha kuijenga harufu ya kahawa. Nyingine nyingi mwali unaziona na pua haina habari nazo.

Kwa hiyo kilele kikubwa kwenye skrini kinaweza kuwa hakina uzito wowote kwa mnywaji, na mahali patupu panaweza kuwa ndipo kikombe kilipoharibikia.

Kutegemea kitambuzi kimoja si suala la kupungukiwa habari tu. Anayejua kitambuzi chako hakioni nini anaweza kukudanganya makusudi. Uchina mwaka 2008 maziwa yalipimwa protini kwa kupima nitrojeni yake, kwa imani kwamba nitrojeni ndani ya maziwa ni protini. Wadanganyifu wakazimua maziwa kwa maji na kutia melamini, kemikali ya viwandani iliyojaa nitrojeni. Kipimo kikasoma vizuri. Watoto wapatao 300,000 waliugua, sita wakafariki.

Kisa cha ginkgo hakikuua, lakini kwa mkemia kinafundisha zaidi. Majani ya mti huo wa Asia hukamuliwa kuwa dawa ya asili inayouzwa dunia nzima, na dondoo rasmi linatakiwa kuwa na asilimia 24 ya flavonoidi na asilimia 6 ya kundi jingine liitwalo laktoni za terpeni. Flavonoidi hufyonza mwanga wa urujuanimno vizuri mno. Laktoni zile karibu hazifyonzi. Kwa miaka mingi watengenezaji wasio waaminifu walichukua dondoo dhaifu na kulitia rutini, flavonoidi ya bei rahisi inayopatikana kwenye mimea mingine kabisa, na kitambuzi cha mwanga kikaona asilimia 24 zimetimia. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Uchina ilifichua kashfa kubwa ya ginkgo, ikiwemo kukamua majani kwa asidi badala ya ethanoli. Anayetaka kuikamata rutini hawezi kukaa na mwanga peke yake. Anahitaji kitambuzi cha ukungu kwa ajili ya laktoni, na anahitaji kutazama uwiano: flavonoidi moja ikipanda bila dada zake kupanda, kuna mkono wa mtu.

Neno uwiano ndilo lililobeba uzito wote hapa. Kuweka vitambuzi viwili kwenye mashine moja ni kazi ya fundi na spana. Kuvifanya visemezane ni kazi ya takwimu, na ina mitego ambayo mtu hawezi kuikisia hadi aingie ndani.

Mtego wa kwanza ni wa saa. Vitambuzi viwili vikifuatana kwenye bomba moja, cha pili husikia baadaye. Majimaji yakienda kwa mililita moja kwa dakika, kipande cha bomba chenye ujazo wa mikrolita 50 kinachelewesha habari kwa sekunde tatu, na ndani ya sekunde tatu kilele chembamba kinaweza kuwa kimekuja na kuondoka. Zaidi ya hapo, mrija wa leo si mrija wa mwezi ujao. Unachakaa, tanuri linacheza nyuzi kidogo, na kemikali iliyotoka dakika ya 12.1 inatoka dakika ya 12.3. Kompyuta haijui kwamba hiyo ni ileile. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote mistari inanyooshwa na kubanwa hapa na pale hadi vilele vikutane. Mbinu mojawapo ilitoka mbali kabisa na kemia, kwa wahandisi wa miaka ya 1970 waliotaka kompyuta itambue neno lilelile likitamkwa na mtu wa haraka na mtu wa polepole. Mwaka 1998 watafiti wa Denmark walichapisha mbinu ya jamaa hiyo iliyotengenezwa mahsusi kwa kromatografia, na bado inatumika.

Mtego wa pili ni wa sauti. Kitambuzi cha mwanga cha kisasa hupima rangi 200 kwa mpigo. Zidisha na nukta 3,000 za muda, unapata namba 600,000 kwa sampuli moja. Kitambuzi cha ukungu kinatoa namba 3,000 tu. Ukizimwaga zote kwenye jedwali moja na kuiambia kompyuta itafute mpangilio, itakuwa kama mkutano wa ukoo ambao upande wa mume umekuja na mabasi manne na upande wa mke umekuja na pikipiki. Uamuzi umeshajulikana kabla ya dua ya kufungua. Ndiyo maana kila kundi la namba hugawanywa kwanza kwa ukubwa wake, ili kila kitambuzi kiingie mkutanoni na uzito unaolingana.

Baadhi ya maabara hazichanganyi namba ghafi hata kidogo. Kila kitambuzi kinatoa kwanza muhtasari wake, vilele kumi au ishirini vyenye maana, ndipo mihutasari inaunganishwa. Wengine husubiri hadi mwisho kabisa: kila kitambuzi kinatoa hukumu, hii halisi hii bandia, kisha zinahesabiwa kura. Njia ya kura ni rahisi kueleza mahakamani, lakini inatupa kitu cha thamani. Ikiwa mwali umeona kidogo na mwanga umeona kidogo, na vyote viwili vimeona kwenye sampuli zilezile, kura haiujui ushirika huo.

Hesabu inayoujua ushirika huo ina umri kuliko kompyuta. Mwaka 1901 Karl Pearson, mtakwimu wa London, alionyesha jinsi ya kupitisha mstari katikati ya wingu la nukta ili ubebe sehemu kubwa iwezekanavyo ya tofauti zao. Leo huitwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu, na fundi cherehani yeyote anaufanya bila kujua. Anapima shingo, mabega, kifua, mkono, kiuno, mguu. Vipimo sita, lakini baada ya wateja mia anajua kwamba mkono mrefu huja na mguu mrefu, na shingo nene huja na kifua kipana. Kwa kweli ana habari mbili: mteja ni mkubwa kiasi gani, na ni wa kwenda juu au wa kwenda pembeni. Kompyuta inafanya hivyohivyo kwa vilele mia tatu, ikivifunga vile vinavyopanda na kushuka pamoja kuwa mhimili mmoja mpya.

Wakemia waliichelewesha hesabu hii kwa miongo saba hivi, hadi mashine zilipoanza kutapika namba kuliko daftari linavyoweza kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Svante Wold wa Umeå, Sweden, alihitaji jina la kazi hiyo akabuni kemometri. Mmarekani Bruce Kowalski wa Seattle akajiunga naye, na mwaka 1974 wakaanzisha chama cha kimataifa cha fani hiyo. Mwaka 1971 Lawton na Sylvestre, waliokuwa Kodak, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kemikali mbili zikiwa zimeng'ang'aniana kwenye mchanganyiko, hesabu inaweza kuziachanisha pale mashine iliposhindwa, mradi kila moja ina rangi zake.

Ushirika huo una nguvu kuliko saa. Mwaka 2006 watafiti wa Imperial College London walipima mkojo wa panya kwa mashine mbili zisizo na uhusiano wowote, moja ya sumaku na nyingine ya kromatografia yenye kipimamasi, kisha wakauliza: kilele gani cha huku kinapanda kwa panya walewale ambao kilele kile cha kule kinapanda? Vilele viwili vinavyofuatana panya baada ya panya huenda ni vya kemikali moja, au vya kemikali mbili zilizotoka njia moja mwilini. Hakuna bomba lililoziunganisha mashine. Kilichoziunganisha ni panya wenyewe.

Tukirudi sasa kwenye kahawa, kisa kinaanza kufunguka.

Kwa muda mrefu wakulima na wataalamu wa Maziwa Makuu walimshuku mdudu aitwaye antestia, jamii ya wale kunguni wa mimea wanaotoa harufu kali wakiguswa, anayetoboa matunda ya kahawa na kufyonza utomvu. Pua ilikuwa imeshasema kiazi. Kipimamasi kilikuwa kimeshaitaja pirazini. Kati ya mdudu na harufu palikuwa na shimo. Mwaka 2014 kundi lililoongozwa na mkemia Susan Jackels wa Seattle University, Marekani, lilichapisha uchunguzi uliotazama punje mbichi mara mbili. Kwanza walinasa harufu iliyokuwa juu ya punje, kwa uzi mwembamba uliopakwa kitu kinachofyonza. Kisha wakanasa harufu ya ndani. Zote zikapita kwenye kromatografu yenye kipimamasi, na vilele vikatiwa kwenye hesabu ya Pearson.

Juu ya punje hapakuwa na pirazini hata chembe. Lakini hesabu ilitenganisha vizuri punje zenye ladha ya kiazi na zisizo nayo, kwa mhimili uliojengwa na kemikali tatu ambazo hakuna muonjaji angezitilia maanani: tridekani, dodekani na tetradekani, ndugu wa mafuta ya taa, zisizo na harufu ya kiazi wala ya kahawa. Pirazini ilikutwa ndani ya punje. Ndipo wakachukua antestia waliokaushwa, wakawapitisha kwenye mashine ileile. Kemikali tatu zilizoongoza kwa wingi kwa mdudu zilikuwa tridekani, dodekani na tetradekani.

Alama ya mdudu ilikuwa imebaki kwenye ngozi ya punje, majimaji yake ya kujihami, mahali ambapo pua haikupata chochote cha kulalamikia. Pua peke yake ingebaki na kiazi, na kipimamasi peke yake, kikitazama juu ya punje, kingeona mafuta matatu ya kawaida na kuyapita. Aliyemleta mdudu kizimbani ni yule aliyejua kila upande ulikuwa hauoni nini.

Inafaa kusema pia pale ambapo hesabu hizi zinadanganya, kwa sababu zinadanganya kwa uso mkavu. Mhimili wa kwanza ni ule wenye tofauti kubwa kuliko zote, si lazima ule unaoutafuta. Kahawa nzuri ikipimwa Jumatatu na mbovu Alhamisi, mhimili wa kwanza unaweza kuwa siku za wiki. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha kazi iliyodai kuitambua saratani ya ovari kwa mpangilio wa vilele vya kipimamasi kwenye damu: wagonjwa 50 kati ya 50, na wasio na saratani 63 kati ya 66. Habari ilizunguka dunia. Kisha watakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes wa Houston walizichambua upya data za mradi huo, wakaonyesha kwamba tofauti kadhaa zilielekea kutokana na namna na wakati sampuli zilivyopimwa, wala si na saratani. Kipimo kilichokusudiwa kuuzwa hakikufika sokoni.

Ukiwa na sampuli 30 na namba 600,000 kwa kila moja, kompyuta itakupa jibu hata kama hakuna jibu. Kinga yake ni ya kizamani: sampuli zipimwe kwa mpangilio wa kubahatisha, nyingine zifichwe kabisa na zitolewe mwishoni kama mtihani, na majina ya makundi yachanganywe makusudi kuona kama hesabu bado inajigamba. Kila kitambuzi kinachoongezwa kinaongeza habari, na kinaongeza nafasi ya kujidanganya kwa kiwango kilekile. Wauzaji wa mashine husema nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Pwani yetu nayo ina mahali pa kufaa kwa kazi hii. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, vijiti vinavyobaki karafuu inapochambuliwa. Mafuta ya konyo, ya jani na ya karafuu yenyewe yote yamejaa iyujenoli, na mtu akipima hiyo tu anaweza kuyauza ya jani kwa bei ya karafuu. Kinachoyatofautisha ni wenzake: karafuu yenyewe ina asetati ya iyujenoli kwa wingi, konyo na jani zina kidogo. Swali ni lilelile la ginkgo, nani anapanda na nani.

Muonjaji wa kahawa, wakati huo, bado yuko mezani. Amemwaga kikombe cha tatu na kuomba vitano vipya kutoka gunia lilelile. Vyote vitano ni safi. Vikombe vitano vinakula punje 330 hivi, na gunia la kilo 60 lina punje karibu laki nne. Kama punje moja katika kila elfu ina kiazi, basi mara saba katika kumi vikombe vitano vitatoka safi kabisa na gunia litakuwa na punje mbovu mia nne ndani yake. Kuipata pirazini kwa mashine kunataka punje isagwe. Tridekani iko nje, na uzi wa mkemia unaweza kuinasa bila kuipasua punje, ikiwa kuna atakayepata njia ya kuufanyia kazi hiyo kwenye meza ya kuchambulia, ambako leo wanawake wameketi mkabala, mikono ikienda, wakitenga punje kwa macho.